Picha Iliyokaa Ndani ya Nailoni

Wiki tano baada ya kumzika mama, kompyuta yangu ya steshenari pale Mwanga ilishikwa na ukungu. Asubuhi niliuruhusu mfumo wake, Linux, ujisasishe, na ilipowaka tena herufi zote zilikuwa zimevimba na kufifia kingo. Wateja walidhani ni macho yao. Mimi sikudhani kitu. Tangu mazishi nilikuwa na ganzi moyoni, sijalia hata siku moja, na jambo hilo lilinikera.

Ila Jumamosi ilikuwa arobaini, na kazi ya picha nilipewa mimi. Dada yangu alikuwa ameipiga kwa simu picha pekee ya mama, ile ya ukutani nyumbani Kalinzi, akanitumia niikuze na kuiprinti. Nilipoifungua, uso ulikuwa ukungu mtupu. Nikasema ni skrini hii hii.

Nikaanza na draiva, ile programu inayoiongoza kadi ya ndani inayopeleka picha kwenye skrini. Draiva mpya ilikuwa imeikataa kadi yangu kuukuu, mfumo ukakimbilia ile ya dharura inayoonyesha kila kitu kwa vipimo visivyo vyake. Nikaifuta, nikairudisha ya zamani, ikagoma, nikaanza tena. Siku mbili. Fundi cherehani wa kibanda cha jirani, mama wa makamo, akachungulia.

"Mchagua jembe si mkulima, mwanangu. Peleka kwa mwenzio akuprintie."

Nikarudi kwenye draiva. Nilitaka kosa liwe la mashine, maana mashine naiweza.

Alhamisi mchana herufi zikanyooka, kali, hata vumbi la skrini likaonekana. Nikaifungua picha. Mama bado alikuwa kwenye ukungu.

Hapo ndipo nikakumbuka. Kwetu fremu ikinunuliwa haivuliwi nailoni yake, sawa na godoro na viti vya sebuleni, ili vumbi na moshi visiiharibu. Picha ile ilikuwa ndani ya nailoni tangu nikiwa darasa la pili, na nailoni imegeuka njano. Dada alikuwa amenipigia picha ya nailoni, na mimi nimeitengeneza kompyuta siku mbili.

Nikampigia simu. "Shikamoo, dada. Itoe ile nailoni, upige upya."

"Marahaba. Mama alikataza isiguswe."

"Najua."

"Haya."

Picha ikaja, safi kabisa. Miaka yote nilijua mama anatabasamu pale. Hatabasamu. Amebana midomo, amechoka, na wakati ule alikuwa mdogo kuliko nilivyo mimi leo. Sikulia. Nikaiprinti, rangi zikatoka vizuri, nikaitia kwenye bahasha.

Kisha nikampigia dada tena. "Nailoni umeitupa?"

"Ninayo hapa mkononi."

"Irudishe kwenye fremu, dada," nikasema, na sauti ikanikatika.