Hesabu Chini ya Maombi

Mwalimu amefariki. Nilipata habari Jumanne kutoka kwa mkewe, kwa simu ya saluni ya Umbilo Road, hapa Durban, alikokuwa akifagia, na kabla sijamaliza kumpa pole akaniuliza kama ninayo hata karatasi moja yenye mwandiko wake. Vyeti vyake vya ualimu wa hesabu viliungua vitani kule Bukavu, na binti yake anamjua baba kama mfagia nywele. Nikamwambia nitatafuta, wasomaji wangu, huku nikijua daftari lake pekee nililifuta mimi.

Alikuwa amelisahau ukumbini, tunakofanyia sala sisi wahamiaji wa Berea na Umbilo. Mimi, katibu wa maombi, mtu bahili wa karatasi, niliona penseli nikadhani ni mazoezi ya mtoto. Nikasugua kurasa zote kwa raba, nikaandika kwa wino majina ya wagonjwa wa kuombewa. Alipogundua hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi.

Baadaye magazeti yakaandika habari za kitabu cha sala cha kale kilichouzwa mnadani. Chini ya sala palikuwa na hesabu za Myunani mmoja, Mgiriki wa kale, zilizokwanguliwa ili ngozi ipate kuandikwa upya. Mwalimu alinisomea saluni huku akicheka.

"Ndugu katibu, hauko wa kwanza. Na ya Mugiriki iko bado pale chini."

Akachukua kopo la mafuta ya nywele lenye kimo na upana wa chungwa lake, akalijaza maji, akalizamisha chungwa. Maji yaliyobaki yalikuwa theluthi moja ya kopo, sawasawa na hesabu ya Mgiriki.

"Sisi tunaona na maji," akasema. "Yeye alipima na mizani ya kichwa tu."

Wateja waliacha kujitazama kwenye kioo. Kwa dakika tano saluni ile ilikuwa darasa, na yeye alikuwa mtu mwingine kabisa. Nilimpenda sana siku ile.

Jana nililiinamisha daftari dirishani, mwanga ukapita upande. Mkono wake ulikuwa mzito, penseli imeacha mifereji. Kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya wino wangu unaosema "Mwalimu, kifua", nikaona duara ndani ya mraba: chungwa ndani ya kopo.

Nikalipeleka kwa mkewe. Mama akashika kidole cha binti yake, akakipitisha taratibu kwenye duara.

"Papa yako njo huyu," akamwambia, yaani ndiye huyu.

Durban ina walimu wengi wanaofagia. Mimi nimejifunza kuuliza kwanza, kabla ya kushika raba.