Nukta Mbili Juu ya Jina

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa jasho lake. Nilikuwa kijana, nimeajiriwa na hospitali moja ndogo ya Changamwe kuyatia mafaili ya wagonjwa kwenye kompyuta. Programu ya kutafuta majina niliiandika mwenyewe, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Jina lisipopatikana, kioo kilisema: HAYUMO. Neno hilo nililichagua mimi.

Basi akaletwa Mngazija mmoja, mtu wa Komoro, mpishi wa Mtongwe, mguu umevimba kwa jeraha, homa imempanda mpaka hajitambui. Mkewe alikuwa akilia. "Kuna dawa haimkubali, wallahi ilitaka kumuua! Jina la dawa silijui, mliliandika nyinyi wenyewe!" Chumba cha pili, muuguzi ameshavuta dawa kwenye sindano.

Nikaandika jina lake, Said, na la babake. HAYUMO. Nikarudia. HAYUMO.

"Mama, mumeo hajawahi kutibiwa hapa," nikasema, tena kwa ujeuri. Naona haya hadi leo. Masikini, akaanza kujitilia shaka, labda ilikuwa hospitali nyingine.

Bi Mwanasha, aliyeyatunza mafaili yale tangu sijazaliwa, akavaa miwani yake. "Huyu n'limuandika kwa mkono wangu. Paspoti yake ina nukta mbili juu ya i, za Kifaransa, nami n'kazitia. Wewe wamtafuta vipi?"

Nami mafaili yale niliyanakili kama yalivyo, nukta kwa nukta. Kwa kompyuta, i yenye nukta mbili ni herufi nyingine kabisa, mpaka uiamuru izichukulie kuwa moja. Mimi sikuiamuru.

"Ngoja, usimdunge!" nikampigia muuguzi kelele. Nikaandika S peke yake, nikateremka na orodha jina kwa jina. Saïd. Alikuwemo. Chini yake: asipewe penisilini. Ndiyo iliyokuwa kwenye sindano.

Bi Mwanasha hakunikaripia. "Mtu yumo," akasema. "Wewe ndiye hukumpata. Basi sema hivyo."

Siku hiyo hiyo niliibadilisha programu, ikitafuta isijali alama zilizo juu ya herufi. Na palipokuwa HAYUMO nikaandika SIJAMPATA.

Basi nawe unayeandikia watu programu, jina la mtu liache kama alivyopewa na wazazi wake. Namna ya kulitafuta ndiyo uilegeze. Na ukimkosa, usimkane. Sema hujampata, kisha utafute tena. Mola akujaalie subira ya kutafuta mara ya pili, na asikuonyeshe sindano ile niliyoiona mimi. Amin.