Nilimtoboa Jirani Jicho kwa Sababu ya Kipato Alichotaja

Admin, naomba ufiche jina langu na la kijiji. Leo ni Jumapili ya kwanza ya Juni, na nina mwaka mmoja na miezi miwili tangu nitoke nyumbani. Nina miaka arobaini na moja. Mke na watoto wanne wako Kagera, mimi nabeba mawe ya ujenzi mtaa wa Nengo, hapa mjini Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Shule niliishia darasa la tano, mnivumilie. Mke wangu anajua nilikuja kutafuta maisha. Ukweli ni kwamba nilikimbia.

Kijijini kwetu kila baada ya miaka michache huja watu wa takwimu. Wanarudi kwenye kaya zilezile na kuuliza mnapata kiasi gani, ili wajue kipato cha kaya ya kawaida kimepanda au kimeshuka. Sisi tuliamini namba ikipanda tu, ruzuku ya kaya maskini inakatwa. Kwa hiyo tulidanganya wote. Mimi nilivuna magunia tisa ya kahawa, nikasema matatu.

Jirani yangu, nimwite Zakaria, alikuwa ametoka machimboni na pesa. Alipoulizwa mbele za watu alijipiga kifua: "Andika milioni moja kwa mwezi! Msinichanganye na hawa wala mihogo." Tulicheka. Lakini walipoondoka, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akasema, "Huyu ametuuza. Wakijumlisha milioni yake na vijisenti vyetu, kijiji kizima tumekuwa matajiri."

Saa kumi jioni tulimvizia njia ya mtoni, wanaume sita. Shemeji alimvika gunia kichwani kwa nyuma, tukaanza kupiga. Hakuna aliyetoa sauti. Zakaria alikuwa akituita kwa majina, mmoja mmoja, tuje tumsaidie. Jina langu aliliita mara mbili. Nilikuwa na mpini wa jembe. Aliponiita mara ya pili nilimpiga usoni, gunia likalowa damu palepale, naye akanyamaza. Jicho la kulia halikupona. Siku ya tatu nilivuka mpaka wa Rusumo.

Mwezi uliopita dada mmoja wa takwimu alikuja kwenye vyumba tunavyopanga nje kidogo ya mji. Alisema wanapima kipato cha kaya za vijijini za wilaya hii ya Rubavu. Kijana tunayebeba naye mawe, Fiston, akaanza majivuno: "Mi napataka laki tano kwa mwezi. Andika tu, mama!" Sijui nini kilinipanda. Nilimkaba koo, nikamgonga kichwa ukutani mpaka meno yakamkata ulimi. Papa Inosenti, mzee wetu wa kazi, alinivuta shati likachanika.

"We Mutanzania, acha mutu! Unataka kumuua juu ya nini?"

"Anapandisha namba yetu sote!"

Yule dada hakukimbia. Alisema, "Bon, haya. Tazama hapa." Akaokota mawe saba meusi, akayapanga chini kuanzia dogo hadi kubwa. "Kila jiwe ni nyumba. Hatujumlishi kitu. Tunapanga hivi, tunaangalia ile ya katikati." Akaliondoa lile la mwisho, akaburuta mahali pake jiwe kubwa tunalobeba wawili. "Sasa ya katikati imehama?"

Haikuhama. Shingo ya Fiston ilikuwa bado mkononi mwangu.

"Mwenye kutuharibia," akasema, "ni wa hapa katikati akidanganya."

Nilikaa chini. Hata wale wa kwetu walitafuta "kaya ya kawaida", yaani hiyo ya katikati. Milioni ya Zakaria haikutudhuru kitu. Kama namba ya kijiji ilipotoshwa, tuliipotosha sisi wenye magunia yetu tisa.

Ningeweza kufa na siri hii. Lakini Jumatano iliyopita mke wangu alinipigia. Zakaria anaamini aliyemtoboa jicho ni Yona, mdogo wake wa tumbo moja, kwa kuwa siku ile Yona alionekana ametoka shambani na jembe. Yona hakuwepo kabisa. Wiki iliyopita Zakaria alimkata panga mkononi, vidole viwili vikaanguka, na ameapa kanisani kuwa safari ijayo ni shingo.

Nilimwambia shemeji kwa simu kwamba narudi kusema. Akajibu, "Ukisema lako utataja na letu. Njoo, shemeji. Kaburi lako nitalichimba mwenyewe, na dada yangu nitamlisha mimi." Namjua, hatanii.

Nikikaa kimya, Yona atachinjwa. Nikisema, labda ni jela, labda ni panga la Zakaria, labda ni la shemeji, na wanangu wanne hawana mwingine. Msiniambie nisirudi, hilo nimeshaamua. Ninachoomba ni hiki, hasa kwenu mliowahi kumwaga damu ya mtu: nianze kwa polisi, au niende kwanza kwa Zakaria nisimame mbele ya jicho lake lililobaki? Nijibuni kabla ya Jumatano, maana alfajiri hiyo napanda basi la Kigali. Ijumaa mchana, Mungu akipenda, nitakuwa kijijini.