Siku Niliyopaka Makaa Ulimi wa Papa Silasi

Juzi mvua ilinikuta njiani hapa Kamembe, nikakimbilia ofisi moja na kushika kitasa cha mlango. Kilikuwa cha shaba. Nilipoinua kiganja kujipangusa maji usoni, nikasimama palepale mlangoni. Ile harufu! Shaba iliyolowa ina harufu yake, kali kidogo, kama damu iliyochanganywa na limau, na mtu aliyeizoea utotoni haisahau. Watu wawili walinipita wakisema pardon, pardon, nami bado nanusa mkono wangu kama aliyepotewa na akili. Nilikuwa nimerudi kwenye miaka kumi, ngumi nimeifumba juu ya kile kikombe kidogo cha tarumbeta ambacho mpigaji hukiwekea midomo, nakipeleka nyumbani kwa uangalifu wa mtu aliyebeba yai.

Tarumbeta zenyewe hatukuruhusiwa kuondoka nazo. Zilikuwa nne kwa kanisa zima, na zilifungiwa kabatini. Lakini vile vikombe huchomoka, na Papa Silasi, mwalimu wetu wa fanfari, yaani bendi ya tarumbeta na ngoma, alimkabidhi kila mwanafunzi cha kwake akakipulize nyumbani mpaka majirani waombe huruma.

Niwaambie kidogo habari za Papa Silasi, maana kwetu kila baba mzima huitwa Papa. Alikuwa fundi cherehani sokoni, mrefu, mwembamba, aliyekulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, kama wazazi wangu na kurudi Rwanda akiwa mtu mzima. Na alikuwa na kigugumizi. Herufi t na k zilimbana kama mlango uliovimba kwa mvua. Shingo ilikaza, macho yakafumba, na sisi watoto tukangoja. Watu wazima hawakungoja. Walimmalizia neno, naye akaitikia kwa kichwa hata pale walipommalizia neno ambalo si lake. Siku moja nilikuwa nyuma yake sokoni. Akaanza, "T-t-t…" Muuzaji akadakia, "Tomati? Kilo ngapi, Papa?" Alizilipia, akaondoka nazo. Mpaka leo nina hakika alikuja kununua tangawizi.

Lakini mpe tarumbeta. Ulimi uleule ulikimbia. Noti zilitoka moja moja, kila moja na kichwa chake, kama mtu anayepukuchua mahindi na punje zinadondoka kwenye ungo bila hata moja kupasuka. Mimi nilikuwa nikimtazama mdomo, nikijiuliza kuna nini humo ndani.

Somo langu la kwanza lilikuwa fupi na la aibu. Alinisimamisha mbele ya wenzangu, akaniambia, "Vuta upepo, Solange. Weka midomo. Sasa sema tu."

Nikashusha tarumbeta. "Niseme nini, Papa?"

"Sema tu."

"Ndiyo, Papa, lakini niseme nini?"

Wenzangu walianguka kwa kicheko. Kumbe alitaka niseme hilo neno lenyewe, "tu", ndani ya tarumbeta: ulimi uguse, uachie, na upepo upite. Yeye pia alicheka, mpaka akatoa leso na kujifuta macho.

Tatizo ni kwamba hata baada ya kuelewa, sikuweza. Noti zangu zilianza kwa pumzi tupu, "huu", zikifika zimechelewa kama mgeni anayeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi. Papa Silasi alisikiliza, akainamisha kichwa, akaniuliza, "Ulimi yako iko wapi?"

Nilikuwa nimeishi na ulimi huo miaka kumi, nimekula nao, nimejibizana na mama nao, na sikujua uko wapi.

Zilibaki wiki mbili twende Gikundamvura, ambako wenzetu walikuwa wamemaliza kujenga kanisa na walitualika tulifungue kwa muziki. Papa Silasi alinionya kwa upole kwamba noti zangu zisipoamka, siku hiyo nitapiga matoazi. Matoazi! Chombo cha mtu yeyote mwenye mikono miwili.

Basi nikaanza uchunguzi. Nilimuuliza mama, aliyekuwa akifunga maparachichi ya kuvusha Bukavu asubuhi: ukisema "tu", ulimi wako unagusa wapi? Alisema "tu" mara tatu, akakunja uso, akasema, "Ee, mutoto weye, utanifanya nisahau kusema." Nilimuuliza jirani yetu wa kutoka kisiwa cha Nkombo, aliyekuja kuuza sambaza, dagaa wa ziwani. Alijaribu kwa Kiswahili, akajaribu kwa lugha ya kwao, akaondoka akisema "tu, tu, tu" peke yake barabarani. Kila mtu niliyemuuliza alifungua mdomo akashangaa, kama aliyeambiwa kuna chumba nyumbani kwake ambacho hajawahi kukiingia.

Jibu lilitoka jikoni. Nilisaga kipande cha makaa, nikachanganya na tone la mafuta ya mawese, nikapaka ncha ya ulimi. Nikachukua kioo cha mama na simu yake yenye tochi. Nikasema "tu", nikafungua mdomo, nikaangaza. Pale! Nyuma ya meno ya juu, kwenye ufizi, kulikuwa na alama nyeusi. Nilisahau kabisa kwamba makaa yalikuwa machungu. Nikasuuza, nikapaka upya, safari hii nikapuliza kikombe. Nikaangaza. Hakuna kitu. Ufizi ulikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Yaani nilipopuliza, ulimi wangu ulilala tu chini kama mbwa kwenye jua, haukugusa popote.

Msinicheke, lakini furaha niliyoipata sikuipata tena katika mtihani wowote. Nilikuwa nimeona kisichoonekana. Na mtu akishaona kimoja, anataka cha pili. Sasa nilitaka kujua kuhusu mdomo mmoja tu.

Jumamosi, katikati ya mazoezi, nikanyoosha mkono.

"Papa, juu ya nini ku trompeti haukwami, na mu maneno unakwama?"

Niliuliza kama ningeuliza kwa nini ziwa haliishi maji. Lakini kanisa lote liligeuka kunitazama. Mpiga ngoma kubwa alishika ngozi yake kwa viganja viwili isilie. Papa Silasi alitaka kujibu. Neno likamkamata, likamkamata, shingo ikatoka mishipa, na safari hii hakuna aliyemmalizia kwa sababu hakuna aliyejua neno la kumpa. Mwisho aliacha. Alichukua kitambaa, akafuta tarumbeta yake mahali ambapo tayari palikuwa safi, akailaza kabatini. "Leo basi," alisema, akatoka.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mama hakunipiga. Alifanya kibaya zaidi: alivaa kitenge chake cha kutokea, akanivalisha gauni la Jumapili, akanishika mkono mpaka sokoni.

Papa Silasi alikuwa akishona sare za shule. Alipotuona, miguu yake iliacha kukanyaga cherehani. Mama alisema, "Papa Silasi, mutoto amekosa heshima. Nimemuleta aombe pardon."

"Pardon, Papa," nilisema. Nilitazama viatu vyake.

Aliviringisha uzi kidoleni. Kisha akasema, polepole, na mama alipotaka kumsaidia katikati aliinua mkono kumzuia: "Haku… hakuk-k-kosa. Aliuliza." Akanigeukia. "Na weye, unafikiri ni juu ya nini?"

Nikaingiza mkono mfukoni. Mama aliguna, "Solange!" kwa sababu kile nilichotoa kilikuwa makaa yaliyofungwa kwenye kipande cha nailoni, na mfuko wa gauni la Jumapili ulikuwa umeshakuwa mweusi. Nilieleza jaribio langu lote kwa pumzi moja. Papa Silasi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu, mbele ya mama yangu na mbele ya wateja, fundi yule mwenye heshima zake aliinama mpaka usawa wangu, akatoa ulimi.

Nilimpaka kwa kidole. Alisema "tu", ikachukua muda wake, t ikigongagonga. Akafungua mdomo mbele ya kioo cha wateja, nami nikaangaza kwa simu ya mama. Alama ilikuwa pana, nzito, kutoka jino la huku mpaka jino la kule, kama mtu amekandamiza mlango kwa bega. Alisuuza, nikampaka tena. Akatoa kikombe chake kwenye mfuko wa shati, akapuliza noti moja. Tukatazama. Palikuwa na doa dogo kama punje ya mtama.

"Aa!" alisema, macho yamemtoka. "Inagusa tu, inaenda!"

"Njo vile, Papa," nilimthibitishia, mimi mtaalamu. "Ku maneno unasukuma. Ku trompeti unagusa kidogo."

"Upepo njo inatangulia," alisema. "Ulimi inaachia tu." Akanionyesha nitoe kikombe changu mfukoni. "Sasa weye."

Nilivuta pumzi. Sikusukuma. Nilisema tu. Sauti iliyotoka ilikuwa mbaya, lakini ilianza palepale ilipotakiwa kuanza, na mama aliyekuwa bado amekasirika alisema, "Bata," kisha akageuka ili nisimwone anacheka.

Jumapili ya Gikundamvura tulipanda nyuma ya lori, tarumbeta tumezifunga kwenye mablanketi. Mchungaji wa huko alimwomba Papa Silasi atutambulishe. "T-t-t…" alianza. Mzee mmoja wa kanisa letu akasogea kumsaidia, kama siku zote, naye Papa Silasi akainua ule mkono. Tulingoja. Mtoto alilia, akanyonyeshwa, akanyamaza. "Tunatoka Kamembe," alisema Papa Silasi, akapangusa paji la uso, akatugeukia, akahesabu kwa kidole. Noti yangu ya kwanza ilifika pamoja na za wenzangu. Hakuna aliyeigundua, na ndivyo inavyotakiwa.

Kigugumizi chake hakikuisha. Alizeeka nacho, akahamia kwa binti yake ng'ambo, Bukavu, na fanfari ikapata mwalimu mwingine.

Kwa miaka mingi nilisimulia hadithi hii kwa majivuno. Niliisimulia shuleni, niliisimulia kwa mume wangu tulipokuwa tukichumbiana: jinsi nilivyomfundisha mwalimu wangu mahali ulimi wake unapogusa. Siku moja, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nikawa naisimulia tena, na katikati ya sentensi nikasita.

Mtu aliyekwama kwenye t tangu alipojifunza kuongea! Mtu aliyeamka kila asubuhi na kupima kila neno kabla ya kulitoa, akitafuta njia ya kupita. Nani angejua kinywa chake kuliko yeye? Hakuhitaji makaa yangu. Alijua jibu tangu nilipoliuliza swali kanisani, na huenda ndilo alilokuwa akipigania kulitoa siku ile mpaka mishipa ikamsimama. Lakini alipomwona mtoto amesimama mbele ya cherehani yake, gauni limechafuka, macho chini, mtoto ambaye baada ya hapo asingethubutu kumuuliza mtu mzima kitu chochote, aliinama, akatoa ulimi, na kushangaa kwa sauti ili nami niendelee kushangaa.