Kidoko na Pafu la Ng'ombe

Mjomba aliniambia kuna kazi ya kutunza wanyama huko Temeke. Siku ya kwanza nikaenda na kanzu safi, nikitarajia ng'ombe wa maziwa. Bwana Mifugo, Mwingereza mnene aliyesimamia kambi ile ya mbwa wa ulinzi, akafungua mlango wa banda, likatoka jibwa la kahawia, kubwa kuliko mbuzi wa akika. Akanipa kamba na kiboko. "Huyu Dyuki. Mshike shingo. Akikosea, mchape." Nikatazama mate yalivyokuwa yakimchuruzika, nikasema moyoni: mjomba, umeniweza.

Sheria yetu mnaijua. Mate ya mbwa yakikugusa, utajiosha mara saba, moja kwa udongo. Sasa mchukue mtu wa swala tano, umkabidhi banda zima! Mke wangu Mwanahawa alishaapa: "Ukinijia na najisi yako, utalala barazani."

Basi nikatafuta njia ya kufundisha bila kugusa. Nilichemsha mapafu ya ng'ombe, nikayakata vipande vidogo, nikakaa mbali. Dyuki akiketi mwenyewe, nampigia kidoko, ule mlio wa ulimi tunaoutoa tukimwonea mtu huruma, kisha namrushia kipande. Mlio ule niliuita ahadi. Ukiutoa, lazima ulipe papo hapo, maana mbwa hasahau mwongo. Baada ya muda Dyuki aliketi, alilala, alikimbia na kukamata, yote kwa kidoko na pafu, na kanzu yangu inang'aa. Bwana Mifugo alikuna kichwa. "Sielewi unafanya nini," akasema, "lakini endelea."

Alipohamishwa, akaja Inspekta. Huyu alitembea na kiboko kwapani hata akienda kunywa chai. "Mbwa si mgeni wa harusi," alinifokea. "Bwana Mkubwa anakuja kukagua. Ukiniaibisha, kazi huna, na kuanzia siku hiyo mbwa wote wataonja hiki." Kazi niliihitaji, nina watoto. Lakini kilichoninyima usingizi ni wale mbwa, ambao tangu niwashike hawajawahi kupigwa. Sikumwambia mtu. Mswahili anayemlilia mbwa angechekwa kuanzia Temeke hadi Mbagala.

Siku ya ukaguzi watu walijaa, kina mama na khanga zao wamesimama nyuma ya kamba. Saidi mpishi ndiye aliyekuwa mwizi wetu, amefungwa magunia yaliyojazwa makumbi ya nazi. Akatimua mbio. Nikamwachia Dyuki, akamrukia, akambwaga chini vizuri kabisa.

"Maskini, mtoto wa watu!" kina mama wakasema, wakapiga vidoko vya huruma, wote kwa pamoja.

Dyuki hakuwahi kuahidiwa nyama nyingi namna ile. Akamwachia Saidi, akaenda kuketi mbele yao, masikio juu, akisubiri malipo.

"Mtoeni! Mie nina udhu wangu!" Khanga zikapepea, kina mama wakatawanyika, na Dyuki akawafuata mmoja mmoja, kila anayemfikia anaketi mbele yake kwa heshima zote. Inspekta aliiva kama bibo. Nami nikajua nimekwisha.

Bwana Mkubwa alikuwa akicheka hadi machozi. Akatikisa kichwa, naye akapiga kidoko cha mshangao. Dyuki akageuka, akaenda mezani kwake, akaketi. Akapewa keki.

"Anakamata, kisha anaachia bila kuchapwa!" alisema Bwana Mkubwa. "Sijaona mbwa mwenye adabu hivi. Nani kamfundisha?"

Inspekta akanitazama, kisha akakisukuma kiboko chini ya meza kwa mguu. "Mimi, Bwana. Ni utaratibu wangu."

"Vizuri sana. Usiubadilishe."

Saidi, angali ndani ya magunia, akanipiga kiwiko. "Sema basi! Unaibiwa hivihivi?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Mwombe Mungu huyu Inspekta aseme tena, kwa sauti."

Nilifanya kazi pale hadi nikastaafu, na kiboko hakikurudi. Mtu akishajisifia jambo mbele ya mkubwa wake, atalilinda kuliko mwenye nalo. Vijana huniuliza kama sikuumia kunyang'anywa sifa. Niliumia sana, tena nilimnunia Inspekta kimoyomoyo. Lakini asubuhi baada ya ukaguzi ule nilifungua banda, Dyuki akatoka mbio mkia ukicheza, hana habari nani kasifiwa. Akaketi. Nikampigia kidoko, nikamrushia pafu lake.