Dekoda ya Nyumbani

Yule kijana aliyetuuzia dekoda alikunywa chai yetu vikombe viwili. Nataka hilo lijulikane kabla sijasema lingine. Alipanda ngazi yetu, akafunga dishi juu ya mabati ya kibanda chetu cha sinema, akaingia ndani akaona mabenchi yamepangwa, akaona bei ya kiingilio imeandikwa kwa chaki mlangoni. Akamwambia baba achukue kifurushi cha nyumbani, ndicho rahisi. Halafu akapanguza mdomo akaenda zake. Hakusema neno lingine, na mpaka leo nikimwona chini ya mwavuli wake pale karibu na stendi, damu inanipanda.

Baba yangu ni Guracha. Watu wa mtaa wa Bula Pesa wanamjua kwa hiyo sinema, lakini maisha yake yalikuwa kijijini Biliqo na ng'ombe, mpaka ukame ukawamaliza. Wachache waliobaki, mifupa na ngozi, aliwauza soko la mifugo hapa Isiolo kwa bei ya matusi, akanunua televisheni kubwa na kukodi kibanda cha mabati. Mtu aliyekuwa anajua kila ng'ombe kwa sauti yake, sasa anakariri majina ya timu za Ulaya. Na aliyakariri. Hata mpira wenyewe akaanza kuupenda, na refa akikosea anamtukana kwa Kiborana.

Kitu kimoja tu hakutaka kukisikia, wizi. Ekitela, fundi wa simu wa mlango wa pili, alimwambia kuna njia ya kuchonga dekoda chaneli zote zifunguke bure, kwani nani hafanyi hivyo siku hizi? Baba alimfukuza. Alisema hajawahi kukamua hata mbuzi wa mtu bila kuuliza, hataanza uzeeni. Jirani mwingine akaomba waya mmoja tu upite dirishani kwake, naye akanyimwa. Kila mwezi baba alilipa, na mimi ndiye nilikuwa nabonyeza simu, kwa sababu macho yake hayaoni herufi ndogo. Nikimaliza ananiambia nimsomee ule ujumbe wa kushukuru. Anausikiliza wote mpaka mwisho, anaridhika.

Walikuja Jumamosi, mpira uko katikati, ndani hakuna pa kukanyaga. Mimi niko mlangoni na birika, maana chai ya maziwa ndiyo biashara yangu. Walikuwa watu wa hakimiliki, mwanaume na mwanamke, na askari wawili nyuma yao. Baba alidhani wanataka kujua kama amelipa. Maskini, alitoa simu kwa madaha kabisa, akawaambia someni wenyewe.

Yule mama akasoma. Hakuwa na ukali, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi, maana angetukana ningejua la kumjibu. Alisema malipo ni sawa, lakini ni ya nyumbani, ya wewe na watoto wako kuangalia mkiwa sebuleni. Hapa unachukua pesa za watu, na hiyo inataka leseni nyingine ya biashara. Kama huna, basi hizi chaneli unazoonyesha hapa hujazilipia. Baba akamwuliza kitu kinawezaje kuwa kimelipwa na hakijalipwa siku hiyo hiyo. Askari hawakungoja jibu. Walichomoa waya, wakabeba televisheni na dekoda, na yeye wakampitisha katikati ya wateja wake. Mmoja akacheka, akasema kumbe huyu mzee ni mwizi. Ati ni mzaha. Baba aliisikia, nilimwona shingo ikikakamaa.

Na zile sinema nyingine za mji? Siku hiyo zilikuwa zimefungwa zote, milango na kufuli. Kuna mtu aliwapigia simu. Sisi hakuna aliyetupigia.

Aliachiliwa Jumatatu kwa dhamana, akapewa siku ya kurudi kortini. Wazee wa ukoo wakaja nyumbani kumshauri. Kortini utaulizwa kama ni kweli au si kweli, wakamwambia. Sema ni kweli, upigwe faini, tuchange, yaishe. Ukisema si kweli, kesi itavutana mwaka mzima, televisheni itakaa kwa polisi kama ushahidi, na ukishindwa utafungwa. Baba akawajibu kwamba atasema si kweli, na wakitaka atashika Kurani. Jina lake halijawahi kuwekwa pamoja na neno wizi, halitawekwa sasa kwa sababu ya mpira.

Mimi nilikuwa nyuma yake. Nilimwambia asithubutu kukubali. Nilikuwa na hasira ya kuchemsha sufuria, na nilitaka mtu mmoja serikalini aaibike kama tulivyoaibishwa sisi.

Asubuhi ya kesi, tukiwa tunajitayarisha, mtu akapiga salaam aleikum mlangoni. Alikuwa mzee Chachu.

Lazima nieleze Chachu ni nani. Kwetu Waborana, mwenye mifugo humpa ndugu aliyeishiwa ng'ombe wa kukamua. Tunaita dabare. Maziwa ni yako, ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe. Nikiwa mtoto, baba alimpa Chachu ng'ombe mwekundu kwa sharti moja, kwamba maziwa ni ya watoto wake kunywa. Baadaye ikasikika kwamba Chachu anayapeleka mjini Merti kuyauza. Baba hakuuliza mara mbili. Alikwenda akamtoa yule ng'ombe na ndama wake, na wazee wakasema haki ni yake. Tangu siku hiyo Chachu hakukanyaga kwetu, na mimi nilikua nikimjua kama mtu aliyemdhulumu baba yangu.

Sasa amesimama mlangoni. Nikafikiri amekuja kufurahia. Baba akamkaribisha, akakaa, akakataa chai. Akasema amesikia kwamba baba anakwenda kushika Kurani.

"Nitashika," baba akasema. "Nililipa."

"Ulilipa ya kunywa, Baba Anisa. Ukauza."

Nikamwambia mzee Chachu, kwa heshima niliyokuwa nimebaki nayo, kwamba hayo ni mambo ya zamani na leo si siku yake. Hakunigeukia hata.

"Siku ile sikukubishia," akamwambia baba. "Mtoto alikuwa anakohoa damu, nikauza maziwa ninunue dawa. Hukuniuliza sababu, na mimi sikukuambia, kwa sababu sharti nililijua. Mimi nililijua, wewe hukuambiwa. Hiyo tu ndiyo tofauti. Lakini usishike Kurani."

Nilitaka kumtoa nje kwa mkono. Nani alimwomba? Miaka yote hiyo amekaa na neno lake, analileta asubuhi ya kesi! Na kibaya zaidi, nilikuwa namwangalia baba usoni, na niliona limemwingia. Alivaa viatu polepole. Njia nzima hadi kortini nilimwambia akumbuke, si kweli, si kweli, useme si kweli.

Kesi yake ilisomwa kati ya mlevi na mtu aliyepigana sokoni. Karani akamwuliza. Baba akashika ule ubao wa kizimba kwa mikono miwili.

"Ni kweli," akasema. "Lakini sikujua."

Hakimu akaandika. Nafikiri aliandika lile la kwanza tu. Dekoda ikachukuliwa, televisheni wakasema itarudishwa, na mpaka leo tunaifuatilia kwa miguu. Faini ilizidi mchango wa ukoo, na aliyeongezea ni Chachu. Mkewe Lul anauza maziwa ya ngamia sokoni, na zile noti zilikuwa na harufu ya maziwa. Baba alizipokea, akamshika mkono kwa muda mrefu. Mimi nilitoka nje. Nilikuwa nimemkasirikia baba kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote, hata yule wa mwavuli.

Sinema ikawa imekufa. Kilichobaki ni birika langu. Siku ya pili Lul akatuma jerikeni la maziwa, salamu tu, kwa jirani aliyepatwa na shida. Nikaona angalau Mungu amenikumbuka. Nikawasha jiko, nikapanga vikombe vya kuuza pale pale mlangoni, nikafungua kifuniko nimimine.

Baba alikuwa amekaa kwenye benchi moja la wateja wake, kibanda kitupu.

"Anisa," akasema. "Nenda kwanza umuulize Lul kama hayo ni ya kunywa au ya kuuza."

Nikafunga kifuniko kwa nguvu, nikazima jiko, nikaenda kuuliza.