Kibuyu Kilichosingiziwa

Mwaka wa themanini na nane, Rotich alipoanza kupata choo cheusi kama lami, alimjua mkosaji papo hapo. Ni mkewe, Chesang, na kibuyu chake cha mursik, maziwa ya mgando, ambacho alikisugua kwa mkaa ndani kabla ya kuyamimina, kama wanawake wote wa Saboti. Akamwambia amezidisha mkaa, kisha akarudi kung'oa visiki, goti likimuuma.

Chesang aliacha mkaa. Siku nane Rotich alinung'unika kwamba maziwa hayana ladha, na choo kikabaki cheusi vile vile. Basi ni mboga, akasema. Siku ya tisa alianguka penye hori la ng'ombe, jasho lake baridi.

Hospitalini Kitale, akiwa chali, bado alimsimulia daktari habari za mkaa. Daktari Wekoye, kijana wa Kamukuywa, alikuwa akiandika hayo hayo. Chesang akachoka.

"Daktari, mkaa niliacha siku nane. Choo ni kile kile."

Wekoye akaweka kalamu chini. Akavuta kope ya chini ya Rotich: ndani kweupe. Akauliza ni dawa gani mzee anameza. Hakuna, Rotich akajibu. Chesang akatia mkono katika koti la mumewe, akatoa konzi ya karatasi tupu za vidonge.

"Si hizo ni za goti tu," Rotich akasema. "Ati hizo nazo ni dawa?"

Alikuwa akivimeza alfajiri, sita sita, kabla hajatia kitu tumboni. Mpira mwembamba ulipopitishwa puani, huku akilalamika kwamba yeye si ndama, ulivuta maji meusi kama machicha ya kahawa. Wekoye akamweleza Chesang kwamba vidonge vimechimba kidonda tumboni, na damu ikikaa humo hugeuka nyeusi. Bila kuongezwa damu, mzee hafiki kesho.

Chesang akakunja mkono wa gauni. Damu yake ilipimwa, ikapatana na ya mumewe. Ya shemeji yake, aliyemsaidia kumleta mzee, pia. Rotich akatundikiwa chupa mbili, akadungwa dawa ya kupunguza asidi, akakatazwa vile vidonge.

Siku ya tatu asubuhi Wekoye alimkuta Chesang mlangoni mwa wadi, akamuuliza mzee ameamkaje.

"Anasema uji wenu ni maji," Chesang akajibu, macho yamemwiva kwa kukesha. "Na ati mimi ndiye niliyewafundisha kuupika. Huyo amepona, daktari."